Tulivyokwenda Kuupima Mti wa Mzee Gaspard

Jumamosi, tarehe 3 Septemba 2011. Manyunyu tangu alfajiri, upepo wa bahari unagonga madirisha, Albert Park yote, hapa Durban, imevaa makoti.

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya ubishi. Wazazi wa darasa letu la Jumamosi, pale kanisani, walikuwa wakitafuta mtu wa kuwafundisha watoto sayansi. Mzee Gaspard, Mrundi anayelinda magari karibu na ufukwe, akajitokeza. Alisema alisomea misitu Urusi miaka mitano, vyeti vikaungua vitani. Hapo angenyamaza. Yeye akaendelea: huko kuna mti mweupe, ukiutoboa baridi inapoisha unatoa maji ya kunywa, na ganda lake linawaka hata likilowa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Papa Yves, mwenye duka la simu mjini, akamwita mwongo mbele ya wote. Mimi nilicheka pia, sitaficha.

Lakini kazi yangu ni kusuka nywele, na mteja wangu mmoja, Mama Thandi, ni Mzulu anayetunza bustani ya nyumba ya wageni huko milimani. Nilimwonyesha karatasi ambayo Mzee alituchorea mti ule. Akasema, "Huo? Tunao." Basi wazazi wakaamua: Papa Yves atoe gari, Mzee aende, nami niandike nitakachoona bila kupendelea. Maji yakitoka, Mzee anapewa darasa. Yasipotoka, asiombe tena. Nimesoma mpaka darasa la sita tu, kule Uvira, Kongo. Sijui kwa nini walinichagua mimi, labda kwa kuwa nina daftari.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka. Kwenye robot ya kwanza, taa ikiwa nyekundu, Papa Yves aligeuka nyuma.

"Mzee, bado unaweza kushuka. Hatutasema kitu."

"Endesha, kijana. Taa imeshakuwa ya kijani."

Tulipopita Maritzburg mvua ilikatika. Kule juu majani yalikuwa meupe kwa barafu nyembamba, na mimi nilikuwa nimevaa kandambili.

Saa mbili na nusu tulifika. Mama Thandi alitupeleka nyuma ya jiko. Miti ilikuwa kumi na mmoja, myembamba, haina jani hata moja, mashina kama yamepakwa chokaa, na alama nyeusi kama nyusi za mtu. Ganda lilibanduka kama karatasi. Mzee alivua kofia.

"Unaitwaje?" nikauliza, kalamu mkononi.

"Kwa Kirusi, berioza. Walimu walituambia jina linatoka kwenye weupe wake. Kwa Kifaransa, bouleau. Kwa Kiswahili sijasikia."

"Sisi tunasema mti mweupe tu," akasema Mama Thandi.

Mzee akaanza kuhesabu kazi zake. Ganda wanasukia vikapu na viatu, wanalitandika chini ya paa maji yasipite. Vijiti wanafungia fagio. Matawi yenye majani wanajipigia ndani ya nyumba ya mvuke.

"Wanajipiga wenyewe?" Papa Yves akadakia.

"Wanapigana kwa zamu. Wakiwa uchi."

"Na unataka tukupe watoto!"

Mama Thandi alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Mzee akatoa keekee ya mkono, ile ya kutobolea mbao, akatoboa shina, akachomeka mrija na kuning'iniza chupa. Tukasubiri nusu saa. Haikudondoka kitu.

"Andika, Maman Neema," akasema Papa Yves. "Andika, haiko maji."

Niliandika: saa tatu na nusu, hakuna maji. Mzee alilishika shina kwa viganja viwili kama anayepima homa.

"Nimetoboa upande wa kivuli. Kosa langu. Mti bado una baridi, lazima jua liupige."

"Aa, leo jua! Kesho atasema mwezi."

Kusema kweli, hata mimi niliona anatafuta pa kutokea. Nimeandika hivyo kwenye daftari na sitafuta. Niliomba tungoje mpaka saa sita, na lazima niseme kwa haki kwamba Papa Yves alikubali bila kubembelezwa.

Katika kungoja, Papa Yves mwenyewe alibandua kipande cha ganda, akakizamisha kwenye ndoo, akakifuta kwenye suruali na kukiwashia kiberiti. Kikashika moto, moshi mweusi, kama kimepakwa mafuta. Alikiangalia mpaka kikamuunguza kidole.

"Bon. Hiyo ni moja. Mais tulikuja kwa ajili ya maji."

Saa tano mawingu yakafunguka, jua likapiga mashina. Mzee akatoboa tena, safari hii upande wa jua. Ncha ya mrija ikang'aa. Tone. Likafuata jingine, kisha yakaenda mbio nisiweze kuyahesabu. Nilipiga vigelegele mpaka mbwa wa nyumba wakaanza kubweka. Papa Yves alipiga magoti kwenye tope na suruali yake ya kanisani, akakinga kiganja, akanywa.

"Iko na sukari kidogo!"

"Eish!" akasema Mama Thandi. "Miaka tisa nafagia chini ya mti huu, haujawahi kunipa hata tone!"

Mzee hakumcheka mtu. Chupa ilipojaa aliziba matundu yote mawili kwa vijiti, akasema inatosha, tusiumalize mti.

Saa kumi tulirudi Durban, Papa Yves akipiga honi kila kona. Kanisani wazazi walinywa kikombe kimoja kwa zamu. Wawili walisema ni maji tu, na hilo nimeliandika. Kisha nikasoma daftari lote, pamoja na ile saa tatu na nusu. Makofi yalipigwa mpaka Mzee akakaa chini. Jumamosi ijayo anaanza, na majina ya kwanza kwenye orodha ni mabinti wawili wa Papa Yves.

Mimi nilidhani mtu akipoteza karatasi zake amepoteza na alichosoma. Nilikosea, na nilimwambia mwenyewe.

Jioni alikuja kwetu. Tulikula ugali, sombe ya majani ya muhogo na ndagala, wale dagaa, wa kukaanga, na Mzee Gaspard aliongezewa mara tatu.