Panya Wangu Masikio na Mama Aliyeita Shimoni

Niliitwa kijiji cha Lusangi kwenda kuua panya.

Siyo panya wa ghalani. Panya wa karatasi, niliyemchora mwenyewe kwa kalamu ya Bic, mwenye masikio makubwa na kofia nyekundu. Na walioniita walikuwa matangani.

Tulia nikueleze, maana hata mimi nilibaki mdomo wazi.

Naitwa Mounira, wa Kasongo. Nina kamashine kangu ka fotokopi karibu na soko. Jua likiwaka na sola ikakubali, nafanya kazi. Likikataa, nachora. Msimu wa mvua nilichora sana.

Hadithi yangu niliiita Nchi ya Mikia. Ndani kuna sungura mwenye miwani, kinyonga fundi cherehani, kindi wawili mapacha. Vinyama vizuri mpaka unataka kuvibeba. Watu wakiona jalada wanadhani ni ya watoto, wakifika ukurasa wa tatu wananyamaza.

Katikati ya nchi ile kuna shimo. Linaita mnyama mmoja mmoja kwa jina lake, kwa sauti ya mama yake. Ukiitika, unaingia. Ukiingia, hutoki.

Usiniulize nililitoa wapi. Huku kwetu vijana wanaenda machimboni wakiimba, na si wote wanaorudi.

Baba yangu, mzee Kassimu, hakuipenda kazi ile. Siku moja akinywa chai aliniambia, "Mounira, mwenye kuchora kiumbe, Siku ya Kiyama ataambiwa akitie roho. Na hataweza."

Nikamjibu kuwa ni panya tu, baba. Akamalizia chai yake. Baba yangu akiacha kubishana, usidhani ameshindwa.

Basi, kaka yangu Alimasi ni dereva wa pikipiki. Akipeleka sabuni na chumvi Kabambare, alikuwa anabeba na nakala zangu, anaziacha njiani kote. Katika numero ya sita, yaani toleo la sita, panya wangu Masikio aliingia shimoni. Alisikia sauti ya mama yake, akaweka kofia vizuri, akaenda.

Masikio ndiye aliyependwa kuliko wote. Watu walinisimamisha sokoni kunigombeza, nami nikajiona mtu mkubwa.

Halafu Alimasi akarudi na barua. Karatasi ya daftari la shule, mwandiko wa mtoto.

"Dada Mounira. Miye Esther-Divine wa Lusangi. Kaka yangu Clovis aliingia mu shimo na kofia nyekundu, udongo ukaanguka. Mpaka leo hatujamuona. Tunakuomba umutoshe Masikio mu shimo, atoke inje. Tafazali."

Nililia, sitaki kukuficha. Na hapo ndipo nilipokosea.

Hakuna aliyenituma. Nilijiambia tu kwamba mtoto huyu lazima nimpe kitu. Nikachora numero ya saba. Mama yake Masikio anakwenda shimoni asubuhi tisa mfululizo. Shimo linajua majina yote ya mwanawe, isipokuwa moja, lile la utotoni ambalo mama peke yake alikuwa akimwita alipokuwa ananyonya. Asubuhi ya tisa anamwita kwa jina hilo. Masikio mawili yanachomoza ukingoni.

Nakala ya Lusangi niliipaka kofia rangi nyekundu kwa mkono wangu. Nikampa Alimasi, nikalala usingizi mtamu. Kichwa kilikuwa kimevimba, we acha tu.

Miezi miwili ikapita. Alimasi akaniletea ujumbe wa mzee Théophile, mjomba wa yule mtoto.

"Ambia ule dada aje amuue panya yake. Siye tunashindwa kuvunja matanga."

Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Mtoto amekataa kuamini kuwa kaka yake amekufa, na sababu ni mimi. Nikanunua biskuti na kalamu za rangi, nikapanda nyuma ya Alimasi. Njia ilikuwa matope matupu. Tulisukuma pikipiki kuliko ilivyotubeba, tukafika siku ya pili mchana, tumepakwa udongo mpaka nyusi.

Wanaume walikuwa wamekaa chini ya turubai. Hakuna aliyekuwa analia. Walikuwa wamechoka tu.

Mzee Théophile alinieleza polepole. Wachimbaji wenzake Clovis walifukua siku sita, ardhi ikaanza kutikisika, wakaacha. Katika ukoo wao, mtu akibaki majini au udongoni, huzikwa mgomba badala yake, watu wananyoa, matanga yanavunjwa. Lakini mgomba hauzikwi ikiwa nyumbani kuna mtu anayesema marehemu yuko njiani. Kwa hiyo ukoo mzima ulikuwa umekaa, na mpunga unapukutika mashambani.

"Na ile shimo haina nguvu," akasema. "Kila mvua, pembeni inaanguka. Kila asubui iko anaenda kusimama pale. Siku moja tutazika migomba mbili."

Nikaomba niitiwe mtoto.

Esther-Divine akaja, miaka kumi na miwili hivi. Nikachuchumaa, nikampa biskuti, nikatoa hotuba yangu yote niliyoiandaa njiani, kwamba Masikio ni wino tu, kwamba kuchora si sawa na kuishi. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Miye najua, dada," akasema. "Clovis alikufa. Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Na barua?"

"Niliandika tu. Maneno ni ya mama. Mama hajui kusoma."

Akanionyesha nyuma ya nyumba kwa kidevu.

Nikainuka. Maneno yangu yote yalikuwa ya mtoto, sikuwa na hata moja la mtu mzima.

Mama Clovis, ndivyo wanavyomwita mpaka leo kwa jina la mwanawe wa kwanza, alikuwa amekaa kwenye kigoda. Mapajani ana numero ya saba ndani ya mfuko wa plastiki. Wekundu wa kofia ulikuwa umefifia kwa kushikwashikwa. Kila jioni Esther-Divine alimsomea. Asubuhi tisa zilipokwisha alianza tisa nyingine, na sasa alikuwa amezirudia mara sita.

Nikamwambia kila kitu. Kwamba nilitunga, kwamba nilitaka kufariji tu, kwamba sijui lolote kuhusu mashimo. Nikangoja anitukane.

"Najua ulitunga, mwanangu," akasema. "Panya haivaake kofia. Lakini wote walikuja wakaniambia pole, kaa chini. Ni weye peke yako uliniambia niamuke asubui, nifanye kitu."

Ningependelea matusi.

Mchana ule mzee Théophile aliniwekea meza na karatasi ili nimchore panya amekufa. Nilikaa mpaka giza likaanza kuingia. Nilichora masikio, nikachora kofia, lakini macho yalinishinda kuyafumba. Kumuua nilishindwa, na kumwokoa sikuweza tangu mwanzo.

Asubuhi Mama Clovis akanishika mkono. Twende shimoni.

Nyuma yetu alikuja mzee Théophile na kamba. Tulipofika alimfunga dada yake kiunoni, akakaa chini, akajikita kwa visigino, akashika mwisho wa kamba. Dada yake alikuwa ameinua mikono kabla ya kuambiwa. Nikajua kwamba amefanya hivi kila siku. Yeye aliyeniita nije kuua, kila asubuhi alikuwa analeta kamba.

Mama Clovis akasogea ukingoni.

"Kibonge," akaita. "Kibonge wangu. Kibonge."

Ndilo jina la Clovis la utotoni, alizaliwa mnene. Maji yalidondoka huko chini, basi.

Akanigeukia.

"Ita na weye. Ni weye ulimuingiza Masikio, na ni weye ulimutosha. Ita."

Neno la baba lilinirudia lote. Nilidhani Kiyama ni mbali, kumbe mimi nimeitiwa Lusangi, nimevaa ndala, naambiwa nitie roho.

Nikaita. Sauti haikufika mbali. Nikaita tena, Kibonge, kwa nguvu zangu zote, na nakuapia, kwa muda mfupi nilisubiri kwa kweli. Nilitaka kitu kichomoze. Hakikuchomoza.

"Umesikia kitu?" akaniuliza.

"Sijasikia kitu, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akaitikia kwa kichwa. Halafu akarudi nyuma hatua tatu, akafungua kamba mwenyewe, akamkabidhi kaka yake.

"Basi, andika vile, kwamba hatukusikia kitu," akasema.

Kumbe alichokosa muda wote ule ni mtu wa kusikiliza pamoja naye. Sisi wengine tulikuwa tunamwambia tu, mimi kwa picha na wao kwa maneno.

Mgomba ulizikwa siku ile ile. Watu wakanyoa. Kabla udongo haujarudishwa, Mama Clovis aliinama akaweka numero ya saba juu ya mgomba, na mfuko wake wa plastiki.

"Asilowane," akasema.

Numero ya nane ina ukurasa mmoja tu. Mama na mchoraji wamesimama ukingoni wanaita. Shimo nililijaza weusi mpaka Bic ikaisha. Watu wa Kasongo bado wananiuliza ya tisa inatoka lini. Haitoki.

Nilipomsimulia baba nilingoja aseme, si nilikuambia. Alinisogezea kikombe chake cha chai.

Wewe unayesoma, nakuachia hili. Kumpa mtu tumaini ni kazi rahisi, mimi nilitumia karatasi nne na kalamu moja. Lakini ukishampa, usibaki kwenu ukilala usingizi mtamu. Nenda ukalingoje naye, na lisipokuja, uwepo.