Dakika Kumi za Bosi

Kling, kling, kling. Kijiko ndani ya kikombe, polepole, kama cha mtu mwenye siku nzima mbele yake. Bosi wetu alikuwa kichwani mwa meza ya chumba cha chai, anakoroga huku akiniambia, mbele ya wafanyakazi wote, kwamba mimi ndiye niliyebadilisha alama za mtihani. Sukari ilikuwa imeshayeyuka zamani. Alikoroga tu. Akisema neno, anakoroga. Akingoja nijibu, anakoroga. Nikaanza kulia, na kijiko hakikusimama.

Chuo chetu ni kidogo, kiko Voi, mahali ambapo ukisimama getini unasikia malori ya barabara kuu yakibadilisha gia. Kinafundisha ushonaji, umeme, upishi na kompyuta. Mimi nilisoma hapo hapo kozi fupi baada ya kidato cha nne, kisha nikabakizwa kusaidia chumba cha kompyuta: kufuta vumbi, kuwasha mashine, kumshika mkono mtu ambaye anaogopa mausi kama panya wa kweli. Mkataba wangu ulikuwa wa miezi mitatu mitatu. Lakini kichwani nilikuwa mbali. Nilijiona fundi wa mitandao, nimevuta waya hadi kwetu Rukanga, chini ya mlima Kasigau, na mama ananiona usoni kwenye simu bila kupanda lile jiwe la nyuma ya kanisa kutafuta netiweki.

Alama zilizobadilika zilikuwa za msichana wa ushonaji. Naye alitoka Rukanga. Huo ndio ushahidi wote uliokuwapo, kwa sababu wakati huo ofisi nzima ilitumia paswadi moja. Karani aliijua, mhasibu aliijua, nadhani hata mlinzi aliijua. Aliyeingia alionekana tu kama "ofisi". Nani alifanya, hakuna aliyejua, na mpaka leo hakuna anayejua.

"Nyinyi watu wa Rukanga mnajuana," bosi alisema. Kling. "Kuanzia leo, mkono wa huyu msichana usiguse mashine yangu." Kling, kling. "Mambo ya kumwajiri kabisa, tutaona."

Yule msichana wa ushonaji nilimjua kwa salamu tu.

Basi nilimchukia yule mzee kwa bidii, vile wengine wanavyosomea mtihani. Mimi ni mtu wa kumtoa mdudu kwenye sinki kabla sijafungua maji. Lakini yeye nilimtakia suruali ipasuke siku ya mahafali. Nilimtakia ahutubie wageni na maiki imezimika, na asijue. Nikikatakata sukuma wiki nyumbani kwa mama mdogo wangu, nilijiona nimekuja chuoni na gari, mimi ndiye mkaguzi, yeye ananiletea chai, nami naikoroga mpaka jua linazama. Nilikuwa na furaha sana na hizo ndoto. Mama wa chai, ambaye ndiye aliyenifuta machozi siku ile, aliniambia, "Wewe, meno yanacheka na macho yanaua mtu."

Ukweli ni kwamba nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka aseme, mbele ya watu wale wale, kwamba hakuniona nikifanya.

Kwa sababu ya zile alama, kamati ya chuo iliamua paswadi moja iishe. Akaletwa fundi kutoka Mombasa, mwanamke mwenye buibui na begi zito la nyaya, na mimi nikaambiwa nimsaidie. Asubuhi ya kwanza aliniketisha mbele ya seva, ile kompyuta kubwa inayohifadhi kazi za chuo kizima.

"Bibie, ukishakata tiketi ya treni hapo stesheni, yule wa mlango wa behewa hukuuliza umeinunua vipi?"

"Haulizi. Anaangalia tiketi."

"Basi ushafahamu nusu ya kazi yangu."

Nusu ya pili ilitutoa jasho wiki nzima. Kila mtu alipewa jina lake na paswadi yake, ambayo hata sisi hatukuijua. Asubuhi unaitoa mara moja tu, na seva inakupa tiketi kubwa ya siku hiyo. Ukitaka printa, unaonyesha tiketi kubwa, unapewa tiketi ndogo ya printa. Ukitaka mafaili ya mitihani, vivyo hivyo, na kama huna ruhusa hupewi. Paswadi yenyewe haitembei kwenye waya hata mara moja. Mimi niliingiza majina, nikabeba ufunguo wa siri wa kila mashine kutoka kwenye seva mpaka kwenye mashine yenyewe, nikaandika jina la himaya yetu, yaani jina la mtandao wote wa chuo, kwa herufi ndogo wakati seva inataka kubwa, nikahangaika nusu siku. Fundi alicheka. "Seva haisikii ukinong'ona, mwanangu."

Mashine ya bosi aliitengeneza fundi mwenyewe. Mimi nilisimama mlangoni nikimpitishia nyaya, nisije nikaichafua.

Kitu cha mwisho kilikuwa saa. Fundi alinieleza mara mbili, kwa sababu alisema hapo ndipo watu wengi wanapoangukia. Kila tiketi imepigwa muhuri wa wakati. Saa ya mashine na saa ya seva zikipishana zaidi ya dakika tano, seva inaikataa tiketi hata kama paswadi ni sahihi, kwa kuwa inadhani kuna mtu ameokota tiketi iliyotumika na anajaribu kusafiria nayo tena. Kwa hiyo Ijumaa tuliziweka saa zote zifuate ya seva. Fundi akarudi kwao.

Sasa lazima niseme habari ya dakika kumi. Baba yake bosi alikuja Voi kutoka magharibi kufanya kazi ya reli, na nyumbani kwao saa ya ukutani ilikaa dakika kumi mbele, ili mzee asiachwe na treni. Bosi alikua na hiyo saa. Alipopewa ofisi, akaweka kila saa ya chuo mbele hivyo hivyo, ya ukutani na za kompyuta zote za ofisini. Chumba changu tu ndicho hakukijali. Aliisimulia kwa fahari, na kwa kweli ni hadithi nzuri, ila aliitumia kukamata watu. Karani wetu, anayeshuka na gari la asubuhi kutoka Chawia, alifika kwa wakati miaka yote akihesabiwa amechelewa.

Jumatatu ilikuwa siku ya kutoa kadi za mtihani. Bila kadi, mwanafunzi haingii chumba cha mtihani kesho yake. Wanafunzi walijaa uani tangu mapema. Na mashine za ofisi zikakataa. Zilifunguka vizuri kwa ile paswadi ya zamani, ambayo ilibaki kufungulia mashine yenyewe tu, lakini kila aliyeomba tiketi kwa seva alikataliwa. Kadi zilikuwa kwenye seva, na printa ya kadi imefungwa kwa waya kwenye mashine ya bosi.

Nilisikia sauti yake kabla sijafika. "Mwiteni yule msichana. Ndiye aliyeshika hii kitu."

Niliingia jikoni kwa mama wa chai nikampigia fundi. Nilisahau hata salamu.

"Mashine za chumba chako zaingia?" aliuliza.

"Zinaingia."

"Na za ofisi?"

"Zote zinakataa."

"Basi si paswadi. Hebu nitazamie saa za huko ofisini."

Sikuhitaji kwenda. Mama wa chai alikuwa ameweka birika chini. "Si mkubwa alikuja Jumamosi?" alisema. "Alizunguka meza zote ananung'unika kwamba wamemwibia dakika zake. Mimi ndiye nilimfungulia mlango."

Nilikata simu. Nitasema ilivyokuwa: mwili wote ulipoa kwa raha. Alikuwa amejifungia nje kwa mkono wake mwenyewe, na dawa ninayo mimi.

"Usimwambie," mama wa chai alisema. "Mwache aive kidogo."

Nikamwacha. Nikaketi kwenye kreti ya soda. Kupitia dirisha la jikoni nilimwona bosi akibonyeza, anafuta jasho, anabonyeza, anamfokea karani. Nilikula andazi nikimtazama. Lilikuwa tamu kuliko yote niliyowahi kula pale, na lilikuwa la jana.

Aliyeniharibia raha ni msichana wa upishi. Aliketi kwenye ngazi karibu na dirisha, mtoto mgongoni, vumbi jekundu la milimani bado liko kwenye viatu. Aliniona. "Dada, kwani leo hazitatoka? Nikichelewa gari la kupanda juu, nitalala wapi na huyu?" Hakulalamika. Aliuliza tu, akimpepea mtoto na kitabu cha mapishi.

Nikaukasirikia moyo wangu, ulivyo mwepesi. Nikafuta mikono, nikaenda.

Walikuwa wamejaa mlangoni kwa bosi: karani, mhasibu, walimu, wale wale wa siku ile. Mama wa chai alinifuata na trei tupu.

"Huyo hapo," bosi alisema. "Mara ya pili sasa. Ametuharibia."

Nilisimama kizingitini, mikono nyuma. "Mkubwa, ni saa. Saa yako iko mbele ya seva dakika kumi. Haiwezi kukupa tiketi."

"Saa yangu iko mbele tangu hujazaliwa."

"Ndiyo maana inakukataa. Ijumaa tuliziweka sawa. Kuna mtu amezirudisha mbele."

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Bosi hakuuliza ni nani aliyezirudisha. Alisogeza kiti. "Haya, njoo utengeneze."

"Siwezi, mkubwa. Mkono wangu usiguse mashine yako. Ulisema mbele ya hawa."

Alinitazama kama amemwona mtu mwingine. "Nimekuruhusu."

"Asante. Lakini kwanza waambie kama uliniona nikibadilisha zile alama."

Sijui nilitoa wapi sauti. Kule nje mtoto alianza kulia. Bosi alitafuta kitu mezani cha kushika, na kikombe hakikuwepo, maana chai ilikuwa haijapelekwa.

"Sikukuona," alisema akiitazama kibodi.

"Huku nyuma hatujasikia," mama wa chai akasema.

"Sikumwona," alirudia, sasa kwa watu. "Nilidhani."

Nilidhani. Ndilo nililopewa. Kwa neno hilo nililia mbele ya watu wazima, na nikapitisha muhula mzima nikiogopa simu ya mama, asije akauliza nimeajiriwa lini.

Bado sikuigusa mashine. Nilibaki pale mlangoni nikamwelekeza yeye mwenyewe: chini kulia, hapo penye saa, sasa mipangilio, sasa washa ile ya kufuata seva. Alibonyeza kwa kidole kimoja. Kilitafuta kila kitufe kama cha mwanafunzi wa siku ya kwanza, na nilitamani nisingekiona.

"Isome kwa sauti, mkubwa, tuhakikishe."

Hilo halikuwa la lazima. Nilitaka tu.

"Saa tatu na dakika nne," akasoma.

Watu wote walitoa simu zao wakaangalia. Karani wa Chawia aliitazama yake muda mrefu. "Kumbe," alisema taratibu, "leo pia niliwahi."

Bosi akaandika jina lake na paswadi yake. Seva ikampa tiketi bila neno, kama inavyompa mtu yeyote. Printa ikaguna, ikaanza. Karani na mhasibu walienda kurudisha saa zao wenyewe, na msichana wa upishi alikuwa kati ya wa kwanza kutoka na kadi. Alinipungia mkono wa mtoto.

Msidhani bosi alibadilika. Mchana alinipita kwenye kibaraza kama amepita nguzo. Mkataba wangu bado ni wa miezi mitatu mitatu, na Rukanga bado hakuna waya. Sijamsamehe. Watu wa kanisani wananiambia nimsamehe, nami nawaambia nitamsamehe, ila si wiki hii. Lakini neno lake liko kwenye masikio ya wale wale, na hakuna saa ya kulirudisha nyuma.

Jioni hiyo wote walipoondoka nilibaki kuzima mashine. Nikapita chumba cha chai. Mama wa chai alikuwa ameniachia chai kwenye chupa. Nilikaa kwenye kiti cha bosi, kile cha kichwani mwa meza, nikajimiminia kikombe, nikachukua kijiko chake. Sukari ilikuwa imeisha. Nikakoroga hivyo hivyo, kling, kling, polepole, mpaka chai ikapoa.