Tarishi Mwenye Jicho Lililovimba

Juzi nilikuwa nasubiri muhuri katika ofisi moja ya kata hapa Arusha. Mbele yangu alisimama mama mwenye jicho lililovimba, aliyekuja kumshtaki mumewe kwa kumpiga. Karani akaandika barua ya wito, akaigonga muhuri, kisha akamkabidhi mama huyo huyo.

"Mpelekee mumeo. Aje Jumatatu saa tatu."

"Kaka, mimi nimemkimbia!"

"Sasa mama, nani mwingine anapajua kwako?"

Mama akaikunja barua mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Ustawi wa jamii wako mlango wa pili. Polisi wako ng'ambo ya barabara. Serikali yote hiyo, na tarishi pekee aliyepatikana ni aliyepigwa.