Michirizi Myeusi Kwenye Picha za Rada

Nilikwenda Mombasa nikiomba rada yetu iwe mbovu. Kwa miaka miwili, chuoni Nairobi, nilikuwa nikitunga hesabu za namna mawimbi ya rada yanavyotawanyika yakigonga bahari iliyochafuka. Lakini chombo ambacho wenzangu walikifunga Mji wa Kale kilituletea picha zenye michirizi myeusi, ambayo hesabu zangu hazikuitabiri hata kidogo. Mmoja wetu alikuwa amekosea, mimi au rada. Mwalimu wangu alisema wazi kwamba hesabu zikianguka, shahada yangu nayo inarudi mwanzo.

Asubuhi niliteremka Mwembe Tayari, shingo imekakamaa kwa usingizi wa basi, nikapanda tuktuk hadi kwa Bi Zainabu, mwenye nyumba ambayo rada imefungwa juu ya paa lake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniulizia jamaa zangu mmoja mmoja mpaka wakaniishia. Ndipo akamimina chai.

"Hiyo bahari waihesabu tangu lini, mwanangu?"

"Miaka miwili, Bi Zainabu."

"Na umeiona mara ngapi?"

"Leo ndiyo mara ya kwanza."

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso. "Basi kunywa chai upesi, ukajuane nayo."

Juu ya paa nilikagua nyaya, umeme, antena. Kila kitu kilikuwa kizima. Nikawasha kompyuta: michirizi ni ileile. Nikainua macho nitazame maji.

Michirizi ilikuwa baharini. Juu ya mawimbi makubwa kulijaa vijiwimbi vyembamba kama kidole, na katikati yake zilipita njia ndefu za maji laini, zikisogea taratibu na mkondo. Penye vijiwimbi, mawimbi ya rada hugonga na mengine huirudia antena. Penye ulaini huteleza yakaenda zake, na picha hubaki nyeusi. Mimi, katika hesabu zangu, nilikuwa nimeipa bahari nzima kiwango kimoja cha mchafuko. Njia moja ilijipinda majini, na kwenye skrini nayo ikajipinda.

Bi Zainabu alipanda, akasimama kando yangu, akatazama maji, kisha skrini.

"Hayo nayaona kila siku," alisema kwa sauti ya chini. "Sikujua kama na hiki chombo chayaona."

Nikamsogezea skrini aone vizuri.

Alasiri, katika bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, kati ya watu waliokuwa wakila mihogo ya kukaanga, nilimpigia mwalimu simu.

"Rada ni nzima, Mwalimu. Hesabu ndizo mbovu."

"Unajua maana yake?"

"Najua."

Kesho yake, basi la kurudi Nairobi lilipoipita Mariakani, nilifungua kompyuta na ukurasa mtupu. Niliyojifunza ni machache: bahari haikuwahi kuwa moja, na kukosea mbele ya kitu kikubwa kiasi kile hakuumizi kama nilivyoogopa. Nilidhani nitalia njia nzima. Badala yake nilikuwa na haraka ya kuanza.