Tauni ya Mchumba

Mwaka uliofuata mafuriko ya El Nino, mpunga wa Kulesa uliota vizuri sana, na ndege wakaja kama waliotumiwa mwaliko. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, na kazi yangu ikawa kupanda dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, nikae juu tangu alfajiri nikiwafukuza ndege kwa kombeo na makelele. Kombeo niliweza. Makelele yalinishinda. Mimi ni mtu wa haya. Hata ndege nilikuwa nikiwasemesha kwa sauti ya chini, nao walishanijua.

Basi posa yangu ilipokuja, nilikuwa na sharti moja moyoni: nipelekwe popote, pasiwe na dungu.

Mshenga alikuwa bwana wa makamo, maneno mengi, mwavuli kwapani. Aliketi barazani na baba na bibi. Mimi niliwekwa nyuma ya mlango, mahali pa msichana anayeposwa, asikie asionekane. Mshenga akasema kijana ni mpole, halewi, na tena anakaa tauni.

Neno moja, kila mmoja akasikia lake. Sisi wa Kulesa tauni ni mjini, na tauni yetu ni Garsen, kwa hivyo baba akaona ni karibu, nitakuwa nakuja kuwatazama. Mimi niliona Malindi, taa na maji ya bomba. Bibi yangu ni mzaliwa wa Kipini, Kiswahili alikinyonya kwa mama yake, na tauni anayoijua ni ile ya panya, inayotoa watu matezi na kuwazika. Akaweka kikombe chini.

"Anakaa tauni, naye mzima?"

"Mzima kabisa, mama."

"Na wenzake?"

"Wote wazima. Tauni haimdhuru mtu mwenye akili."

"Kwetu ilizoa hata wenye akili," bibi akasema.

Baba alijificha ndani ya kikombe cha chai. Alikwisha kuelewa, lakini mtu hamsahihishi mama yake mbele ya mgeni. Nami nilijua mambo yataendaje. Wataingia kwenye mahari, kisha nitaitwa niulizwe, nitashindwa kufungua mdomo, na kimya cha msichana kwetu maana yake ndiyo. Bibi alipoingia ndani kuchukua tambuu, nikamshika kanga.

"Bibi, muulize hiyo tauni ikoje. Muulize vizuri."

"Nitamuuliza mpaka ajute," akanijibu.

Akarudi, akakaa, akatafuna kwanza.

"Hebu nieleze, baba. Hiyo tauni yenu inaanzia wapi?"

"Inaanzia dukani kwa Msomali."

"Maskini. Inaishia wapi?"

"Kwenye kinu cha posho."

"Ni mbali, duka na kinu?"

Mshenga akakohoa. "Vinatazamana."

"Tauni fupi hiyo."

Hapo baba akaingilia. "Ndugu yangu, kwani ni Garsen hapo?"

"Hapana, ni mbele ya Wenje kidogo. Lakini wenyewe wanapaita tauni. Waorma wakitoka malishoni kununua sukari, wanasema wanaenda tauni."

"Na nyuma ya kinu?" bibi akauliza.

"Mashamba."

"Ya nini?"

"Mahindi. Mpunga pia."

"Na ndege?"

"Mama, ndege wako kila mahali."

Nikaitwa. Nikapiga magoti mkekani, macho chini. Baba akasema, "Umesikia. Wasemaje?" Nikanyamaza, na kwa pembe ya jicho nikamwona mshenga anaanza kutabasamu, kimya changu tayari anakifunga akipeleke kwa waliomtuma. Bibi akanifinya.

"Hapana," nikasema.

Ilitoka kwa nguvu hata mama akachungulia kutoka jikoni.

Mshenga hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyesemeshwa na mtungi. "Binti, kwani wewe wataka tauni gani?"

Sikuwa nimewahi kupita Garsen. Nikasema lililonijia. "Ile ambayo watu wake hawaendi tauni kwingine."

"Malindi, basi."

"Wa Malindi huenda Mombasa," baba akasema.

"Basi Mombasa."

"Nimebeba mizigo Mombasa mimi. Kila asubuhi jirani yangu alikuwa akimuaga mkewe: naenda tauni."

Mshenga akafikiri, akataja Nairobi kwa sauti ndogo. Akanywa chai iliyobaki, akachukua mwavuli wake. Mama akamsihi angoje chakula, wali uko motoni.

"Ahsante, shemeji," akasema, akivaa viatu. "Nitakula Garsen. Nina shughuli kidogo huko tauni."