Titi Langu Limekuwa Ushahidi wa Kesi

Daktari wa kike aliyenipiga picha ya matiti huko Nairobi alisema Alhamisi iliyopita kwamba titi langu la kushoto lina punje nyeupe, ndogo kama chumvi, ambazo mkono hauwezi kuzigusa. Alisema huenda ni mwanzo wa kansa, na zinafaa kutolewa zichunguzwe kabla hazijawa uvimbe. Alinipa kitanda cha upasuaji hospitalini Jumanne ya mwisho wa mwezi huu. Tangu siku hiyo mume wangu amenipiga, na mjomba wangu amempasua mume wangu taya.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane. Naishi Rongai, ile ya upande wa Nakuru, ambako mume wangu ana duka la mbegu na chakula cha ng'ombe. Ukurasa huu umekubali kuficha jina langu, kwa hivyo nitasema mambo yalivyo.

Sikwenda Nairobi kwa sababu ya maumivu. Sikuwa nayo. Nilikwenda kwa sababu ya mama.

Mama alikuwa akikamua kwenye shamba la mzungu upande wa Kuresoi, miaka ile nilipokuwa msichana mdogo. Asubuhi moja ng'ombe alimpiga teke la kifua. Alipojikanda kwa maji ya moto alikuta kitu kigumu ndani ya titi, kama kiazi kidogo. Kaka yake, huyu mjomba wangu, aliposikia alikuja mbio.

"Teke gani? Dada yangu amepigwa na mtu."

Baba alimfunga yule ng'ombe kwenye nguzo na kumpiga kwa mpini wa jembe mbele ya watu wote, ili waone mwenye makosa ni nani. Ng'ombe alipiga magoti, damu ikimtoka puani. Mjomba hakuridhika. "Hana mdomo, ndiyo maana unamsingizia," alisema, kisha akachomoa panga. Baba alikinga uso kwa mkono. Vidole viwili vilibaki kwenye matope.

Kwetu kuna sheria inayojulikana na kila mtu: mke akipigwa, jeraha halitibiwi mpaka wazee waketi waliangalie. Likipona, kesi imekufa. Baba alipopelekwa hospitali kwa ajili ya mkono, mama ndiye aliyemsindikiza. Alikaa kwenye benchi, leso imefunika lile titi, akimngoja mumewe ashonwe. Hakumwonyesha daktari kile kitu. Akarudi nyumbani nacho.

Wazee waliahirisha kwa sababu ya kuchimba viazi, kisha mvua ikakata barabara. Walipoketi, titi lilikuwa limepasuka na linanuka. Mmoja wao alitoka nje kutapika. Walimtoza baba faini, na mama tukamzika kabla faini haijalipwa.

Nilimweleza daktari wa Nairobi haya yote wakati ile mashine imenibana titi. Alinijibu, "Mama, teke halileti kansa. Teke lilimfanya ajiguse tu. Hicho kitu kilikuwepo zamani. Na wewe ulitaka kungoja ng'ombe akupige?" Alisema mwanamke ambaye mama yake aliugua hivyo apigwe picha mara kwa mara bila kungoja maumivu, kwa sababu mkono hujua mambo yakiwa yamechelewa.

Nyumbani nilimwonyesha mume wangu picha kwenye mwanga wa dirisha. Akanibonyeza titi kwa vidole.

"Uvimbe uko wapi? Hakuna! Umeenda kuvulia watu nguo Nairobi, umerudi na kivuli."

Nilipomwambia kuhusu kitanda, alinipiga ngumi hapo hapo kwenye titi. Nilianguka juu ya meko. "Sasa uvimbe unao," alisema.

Jirani alipeleka habari. Jumapili mjomba alifika na wanawe wawili. Amezeeka, lakini mkono wake haujazeeka. Walimkuta mume wangu dukani, nyuma ya magunia ya pumba. Mjomba alimpiga taya kwa jiwe la mizani, wanawe wakamkanyaga mbavu mpaka pumba zikalowa damu. Nilijitupa katikati nikiwa na picha mkononi.

"Mjomba, hii ilipigwa kabla ya ngumi! Angalia, zile punje zilikuwepo!"

Aliishika juu chini. "Mimi sisomi vivuli, mwanangu. Nasoma hii." Akanyoosha panga mpaka kwenye wekundu wa kifua changu. "Hutibiwi mpaka wazee waione. Wanaketi Jumamosi, baada ya hiyo Jumanne yako. Ukikatwa kabla, ushahidi umeenda na kisu. Na ushahidi ukienda, huyu nitamhukumu mwenyewe."

Nilimgeukia mume wangu, nikidhani atanitetea. Alitema jino. "Usiende," alisema, kitambaa kikiwa mdomoni. "Wakikuta kitu huko, watasema ni ngumi yangu."

Wanaume hao wawili hawajawahi kukubaliana jambo lolote ila hili.

Mwana mkubwa wa mjomba sasa analala dukani, mlangoni pa nyumba yetu, ili nisitoroke. Alama ya ngumi imeanza kugeuka manjano. Wazee wakifika huenda hata isionekane. Zile punje hazitafifia. Nikienda, naogopa kurudi na kumkuta baba wa watoto wangu amekatwakatwa. Nikibaki, nimekaa kwenye benchi la mama.

Ndugu wasomaji, hasa nyinyi mliozika mama zenu kwa ugonjwa huu, na nyinyi wazee mnaoketi kwenye kesi kama hizi, nishaurini. Kuna njia ya kumwonyesha mjomba kwamba picha ilitangulia ngumi? Au niondoke bila kumuaga mtu? Nifanye nini? Basi la Nairobi linatoka Nakuru Jumatatu asubuhi. Kitanda changu ni cha Jumanne. Wazee wanaketi Jumamosi.