Maili Mbili kwa Tasbihi ya Khadijah

Saa kumi na moja na dakika nane alfajiri, basi linamshusha Salmin Mbarak kwenye taa za barabarani, ukingoni mwa New Hope, mji mdogo wa ughaibuni. Limechelewa dakika nne. Dereva anasema pole. Pole haimfikishi mtu kazini.

Salmin anafunga zipu ya koti, anaizungusha tasbihi mara mbili kiganjani isimponyoke, anaanza kukimbia.

Mbele yake kuna maili mbili mpaka nyumba ya kutunzia wazee, anakofanya kazi jikoni. Saa kumi na moja na nusu awe amegonga kadi ya kuingia kazini. Akipitiliza hata dakika moja anaandikiwa pointi, na pointi ya sita ni kufukuzwa. Anazo tano. Sheria yao inasema ukimaliza siku tisini bila kuchelewa, zote zinafutwa.

Leo ni siku ya tisini.

"Mimi mtu wa Mombasa," anasema mzee huyu wa miaka hamsini na minane. "Kwetu Kuze ukionekana wakimbia, watu hutoka kuuliza nani kafa."

Zamani hakuwa na haja ya kukimbia. Kwa miaka tisa mkewe, Khadijah, ndiye aliyempeleka kazini. Leseni ilikuwa ya Khadijah; Salmin alifanya mtihani mara tatu, akaanguka mara tatu. Kila alfajiri ile Toyota kuukuu iliwashwa mapema ipate joto. Tasbihi ya kahawia ilining'inia kwenye kioo, na chai ya maziwa yenye iliki ilikaa katikati ya viti. Njiani walisoma nyiradi za asubuhi kwa sauti, mke akitangulia, mume akifuatia. Salmin alikuwa na haraka ya kumaliza ili aifikie chai.

"Alikuwa akinikata hapo hapo," anakumbuka, akicheka peke yake. "'Polepole, baba Faiza. Kwani wakimbizwa?' Basi narudi mwanzo."

Wakifika, Khadijah hakuondoka. Alingoja mpaka taa ya jikoni iwake na mkono wa mumewe uonekane dirishani. Ndipo alipogeuza gari kurudi kwao Brooklyn Center. Mwanamume aliyezoea kungojwa hivyo, siku ya kukosa wa kumpungia mkono, hata dirisha huliogopa.

Khadijah alifariki miaka miwili iliyopita. Gari alilichukua binti yao, Faiza, anayesoma chuo cha mbali. Salmin akahamia kwenye basi. Lilimshusha karibu na mlango wa kazini, akavumilia.

Septemba iliyopita wakubwa wa mabasi wakakifuta kile kipande cha mwisho cha njia. Walikaa ofisini kwenye joto lao, wakatazama karatasi, wakaona abiria wanne. Hawakuuliza hao wanne ni nani na wanakwenda kumpikia nani uji. Mkubwa ana gari lake, huamka kumekucha. Atajuaje alfajiri ya mtu mwingine? Wakubwa wa kazini nao ni wale wale. Salmin aliwaomba aanze robo saa baadaye, wakamwambia sheria ni moja kwa wote. Mmoja akamcheka: si wewe Mkenya, kimbia!

Teksi ilikuwa dola kumi na nne, na kwa saa nzima ya kusimama mbele ya jiko analipwa kumi na saba na nusu. Basi, akakimbia.

Siku ya kwanza alitoka mbio kama anayefukuza mwizi. Kwenye nguzo ya pili ya taa alishika magoti, mate machungu yamejaa mdomoni. Pointi ya kwanza. Kufika katikati ya Novemba alikuwa nazo nne.

Aliyemwonea huruma ni Kemunto, mzaliwa wa Nyamira, anayehudumia wazee zamu ya usiku katika nyumba hiyo hiyo. Shuleni alikimbia mbio ndefu. Alimpa mpango: kimbia kidogo, tembea kidogo, na kila wiki urefushe kipande cha kukimbia. Salmin hana saa ya kupimia, na simu yake huzimika baridi ikizidi. Akaichukua tasbihi ya mkewe kutoka kwenye droo. Shanga thelathini na tatu akimbie, thelathini na tatu atembee.

Majira yote ya baridi yakapita hivyo, akiponea kwenye dakika ya mwisho. Kipande cha kukimbia hakikurefuka. Mwanzoni mwa Februari akateleza kwenye barafu, akafika amechelewa. Pointi ya tano.

"Hebu nisomee vile huwa unahesabu," Kemunto alimwambia asubuhi ile, koti lake mkononi, tayari kurudi nyumbani.

Salmin akasoma. Zile subhanallah zikamtoka kama mahindi yakipukuchuliwa.

"Ngoja, ngoja, Mzee Salmin! Mimi ni Msabato, hayo maneno siyajui. Lakini mbona unasoma ni kama unakimbizwa?"

Mzee aliitazama tasbihi mkononi. Kumbe kila siku alikuwa akizikimbiza shanga ili afike upesi kwenye kutembea.

"Nilikuwa najiibia mwenyewe, na Mola ananiona," anasema. "Halafu yale maneno ya Kemunto! Wallahi nilimsikia mama Faiza."

Tangu siku hiyo hutamka kila neno mpaka mwisho wake. Neno likikatika kwa kukosa pumzi, anapunguza mwendo, lakini hasimami.

"Kimbia polepole mpaka uone haya," Kemunto alimwongezea. "Hata nyanya akikupita na mbwa wake, mwache aende."

Nyanya alimpita kweli, na mbwa wake, akampungia mkono. Salmin alimwacha aende. Theluji ilipoanza kuyeyuka alikuwa akimaliza mizunguko minne ya tasbihi bila kutembea. Aprili, saba. Njia yote ni mizunguko tisa, ila kile kilima cha mwisho kilikuwa bado kinamshinda. Kila siku alikipanda kwa kutembea.

Leo dakika za kutembea zimeliwa na basi.

Anapita kituo cha mafuta, kisha kanisa. Mzunguko wa tano, wa sita. Shati limemganda mgongoni chini ya koti. Kwenye kilima sauti yake inakatika, neno linabaki nusu. Anapunguza mwendo mpaka anakaribia kusimama, analirudia lile neno kutoka mwanzo, lote, na miguu inaendelea.

Kemunto yuko mlangoni, ameushikilia wazi kwa nyonga.

"Dakika mbili! Kuja, mzee, kuja! Usiangalie saa, niangalie mimi!"

Saa kumi na moja na dakika ishirini na tisa, mashine ya kadi inalia. Pointi tano zimefutika. Msimamizi anapita na kahawa yake, anasalimia, hajui hata leo ni siku gani. Wakubwa wasije wakajisifu kwamba walimfanya mtu mkimbiaji.

Salmin anawasha taa ya jikoni. Anasimama kidogo kwenye dirisha, anainua mkono kuelekea maegesho matupu, kisha anabandika sufuria la uji.

Kazi imepona, lakini tasbihi hajairudisha kwenye droo. Kaburi la Khadijah liko kusini, upande wa Inver Grove Heights. Basi la huko nalo linaishia njiani. Kutoka kituo cha mwisho ni maili tano. Idi iliyopita alikosa mtu wa kumpeleka, akashinda nyumbani na kanzu yake. Kwa hiyo kila Jumapili hulizunguka ziwa, akijiandaa kwa Idi ya Mfungo Tatu, ile Idi kubwa. Na kama si hii, basi ya mwakani.

"Miaka tisa alinifikisha yeye," anasema, akikoroga. "Kwake nataka nifike mwenyewe, bila kusimama. Nimepiga hesabu, ni mizunguko ishirini na mitatu ya tasbihi."

Anaonja uji, anaongeza chumvi.

"Nimefikia kumi na mmoja."